Wifi Yangu Muhuri na Ngazi za Mheshimiwa

Mimi na wifi yangu hatukupendana mwanzoni, na nalisema mapema msije mkadhani namsifia kwa sababu ni mke wa kaka yangu. Siku alipoletwa nyumbani nilimwangalia kuanzia juu hadi chini, nikamnong'oneza mama, "Ndiye huyu? Mbona kama anasubiri kuitwa kwa daktari?" Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani, miguu kaibana pamoja, hasemi kitu. Mama alinifinya hadi nikaruka. Leo ni mwaka wa kumi na nne, na bado anasimama vile vile, ila siku hizi mtu akimsema vibaya mbele yangu atajuta kunifahamu.

Kazi yake ni ukarani katika ofisi ya mbunge wetu. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili kwenye barabara ya sokoni, kati ya duka la rangi na kibaraza changu cha kushonea nguo. Chumba cha mbele kina benchi la wenye shida, meza ya wifi, kabati la chuma la droo nne, na picha ya Mheshimiwa akicheka. Chumba cha nyuma ni chake mwenyewe Mheshimiwa. Kina zulia, feni na friji ndogo, na kwa mwezi hufunguliwa mara mbili, tena moja ya hizo ni ya kupiga deki. Cherehani yangu iko chini ya dirisha lao kabisa, kwa hiyo kila linalosemwa mle ndani nalisikia, nitake nisitake. Mara nyingi nataka.

Watu wanamwita Muhuri. Haijawahi kufika barua mezani kwake ikakosa kugongwa muhuri, kuandikwa tarehe, kupewa namba na kuwekwa kwenye faili. Hata kadi ya harusi yangu aliigonga IMEPOKELEWA. Nilinuna wiki nzima. Kaka yangu akasema nishukuru, kuna watu kadi zao hazikupokelewa.

Sasa niwaambie habari ya mama, maana yote yaliyotokea yalianzia kwenye mguu wake.

Mama yetu alikuwa mpeleka barua wa posta kwa miaka thelathini, kwa miguu, jua na mvua. Anajua kila kichochoro cha mji huu na kila mbwa wa kila kichochoro. Amestaafu, lakini hakuwahi kutulia. Ukimtafuta saa nne asubuhi utaambiwa kapita hapa, kapita pale, kaelekea kule. Mwaka juzi aliteleza bafuni akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri, ila mguu ukabaki mkavu kama mwiko. Daktari akasema dawa yake ni mazoezi katika kliniki ya viungo ya hospitali yetu, mara mbili kwa wiki.

Hiyo kliniki ya viungo iko ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Nimezihesabu ngazi zake: vidato thelathini na nane. Yaani mtu asiyeweza kutembea apande kwanza vidato thelathini na nane, ndipo akafundishwe kutembea. Na pale chini, mkabala na mlango mkubwa, kuna chumba kipana chenye mlango wa kupitisha kitanda, kimefungwa kufuli. Ndani yake mna viti vilivyovunjika, mabango ya sherehe zilizopita na jenereta iliyokufa kabla sijaolewa.

Siku ya kwanza mimi na kaka tulimbeba. Mama ni mwanamke wa mwili, na maringo yake yanauzidi mwili wenyewe. Tulipofika kidato cha kumi na mbili kaka aliteleza. Tuliyumba kulia, tukayumba kushoto, bibi mmoja akapiga kelele, na mimi nikaona maisha yetu yote matatu yanaishia ukutani. Tulipotulia, mama akasema kwa sauti ya chini, "Mimi si gunia la viazi. Nirudisheni."

Tukamrudisha, na hakukubali tena. Akawa anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, anawaangalia wapita njia, anasema miguu yake ilishafanya kazi ya kutosha. Kila aliposema hivyo nilikuwa najifanya natafuta uzi. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata daktari alimwita kaka pembeni akamwambia wazi: mwaka ukiisha bila mazoezi, huyu mama hatatembea tena.

Wifi hakulia wala kupayuka, maana hizo ni kazi zangu. Yeye alikuwa keshaandika barua zamani. Baada ya ile siku ya ngazi alichukua kalamu, akaenda kukaa pale pale kwenye vidato, akakusanya saini arobaini na moja za wagonjwa: tunaomba kliniki ihamishiwe chumba cha chini. Ombi lenyewe ni la kutoa takataka chumbani na kuteremsha vitanda vinne. Na mwenyekiti wa bodi ya hospitali ni nani? Mheshimiwa wetu. Neno lake moja tu lingetosha. Barua ikagongwa IMEPOKELEWA, ikapewa namba mia mbili na kumi na mbili. Kila Mheshimiwa alipokuja, wifi aliiweka juu ya nyingine zote. Kila alipoondoka, ilikutwa chini ya nyingine zote. Ukimuuliza anajibu, "Linafanyiwa kazi."

Basi ikafika ile kazi ya kila mwaka ya kutengeneza kijitabu cha "Niliyowafanyia". Wifi ndiye huwa anakichapa. Mezani alikuwa na kumbukumbu za Bunge, kila neno alilolitamka Mheshimiwa mle ndani. Na kwa kuwa yeye pia ndiye anayemtunzia daftari la ratiba ya nyumbani, yaani daktari wa meno lini, mtoto anafunga shule lini, fundi bomba anakuja lini, daftari hilo nalo lilikuwa pale. Nikasikia ananiita dirishani.

"Wifi. Acha kushona. Njoo uone kitu."

Nikaenda na sindano mdomoni. Akaweka kidole cha kushoto kwenye daftari na cha kulia kwenye kumbukumbu.

Mwezi wa pili, daftari: mbwa wa Mheshimiwa kang'atwa na nyuki. Mwezi wa pili huo huo, Bunge: Mheshimiwa anauliza serikali ina mpango gani na nyuki wanaohatarisha makazi ya watu. Daftari: kijana wake kafeli mtihani wa udereva, mara ya tatu. Bunge: hoja ya kuwahurumia vijana wetu katika mitihani ya udereva. Daftari: jirani kafungua karakana ya kuchomelea mageti. Bunge: kelele na afya ya akili ya taifa, dakika ishirini na tano, akapigiwa makofi. Kuna mwaka daktari alimwambia apunguze tumbo kwa kuendesha baiskeli, basi ikajengwa njia ya baiskeli kutoka getini kwake hadi mzunguko wa barabara. Aliitumia mara nne. Siku hizi watu wanaanikia nguo.

"Na daktari wa meno wa hospitalini?" nikauliza. Maana huyo aliletwa na Mheshimiwa, tena ni wa kweli, ameng'oa nusu ya meno ya mtaa wetu, na tunamshukuru.

Wifi akafunua kurasa. "Jino la hekima. Alilia siku mbili."

Tukatazamana.

"Tulikuwa tunasema hasikii," akasema wifi taratibu. "Anasikia sana. Ila anasikia kwa mwili wake tu."

"Sasa barua zote hizi unazogonga za nini?"

Akafunga daftari. "Barua hazimuumi," akasema, na nikaona macho yake yamebadilika.

Mtu mpole akipata wazo, ogopa. Wiki mbili baadaye wifi aliingiza kwenye ratiba mkutano wa Mheshimiwa na akina mama wa sokoni. Wale akina mama walikuwa wameandika barua sita kuhusu choo, na soko zima halina choo hata kimoja. Mkutano ukapangwa saa nane mchana, jua la utosi. Soda zikapozwa vizuri sana. Mgeni wa heshima akanywa tatu. Kisha ikaja zamu ya neno la shukrani, na wifi alikuwa amempa kazi hiyo muuza vitunguu mmoja ambaye akianza kushukuru huwa anaanzia kwa waliomzaa.

Dakika ya thelathini Mheshimiwa alibadilisha mguu uliokaa juu. Dakika ya arobaini akaacha kutabasamu. Mwisho akamwinamia mwenyekiti wa soko akamuuliza jambo kwa sikio, na mwenyekiti, mama wa watu, akamjibu kwa sauti ya kuuzia nyanya: "Mheshimiwa, sisi huwa tunaenda kule nyuma ya ukuta, ila saa hizi watu wanaona!"

Aliondoka bila kuaga. Choo kilijengwa kwa wiki saba, vyumba kumi, na maji yanatoka. Picha yake ilibandikwa mlangoni, upande wa wanaume.

Baada ya hapo watu wakaanza kuja kwa wifi kwa kunong'ona. Hawategemei barua tena. Wanainama mezani: "Muhuri, tunaomba Mheshimiwa apite kwetu. Kwa miguu, ikiwezekana." Shule yenye bati bovu ilipangiwa mahafali katikati ya masika, na Mheshimiwa akakalishwa chini ya tundu kubwa kuliko yote. Nilishona pazia za shule hiyo mwezi uliofuata, bati jipya linametameta. Nilianza kumheshimu wifi kwa kiwango cha kuniudhi.

Lakini mguu wa mama ulikuwa unaendelea kukauka.

Mwezi wa tisa Mungu akafungua mlango: Mheshimiwa aliikumbuka baiskeli yake, akaipanda, akaanguka, goti likavimba. Wifi akamwandikia miadi katika kliniki ya viungo ya hospitali yetu, akamwambia itampendeza mwananchi kumwona mbunge wake akitibiwa pale pale anapotibiwa yeye. Mheshimiwa akalipenda wazo hilo kama lake.

Siku hiyo nilifunga cherehani. Nilijibanza chini ya ngazi na wifi, tukisubiri mtu mzito mwenye goti bovu akutane na vidato thelathini na nane. Gari likafika. Wakashuka wapambe sita, wakatoa kiti chenye mikono, wakamketisha Mheshimiwa, wakamnyanyua juu, wakaanza kuimba.

Wakaimba jamani! Walipanda naye wakiimba na kupiga makofi, wauguzi wakatoka kuchungulia, mtu mmoja akapiga vigelegele, na yeye kule juu anapunga mkono kama bwana harusi. Alipofika kilele akawageukia wagonjwa waliokaa kwenye ngazi akawaambia, "Mnaona? Kupanda ni moyo!"

Wiki iliyofuata akasimama bungeni kuomba viti vya kubebea wagonjwa. Vikaletwa sita, vizuri, vimeandikwa jina lake mgongoni. Wa kuvibeba hakuletwa hata mmoja. Mama alisikia habari hiyo redioni, pale kwenye kiti chake cha jikoni, akatikisa kichwa kwa huruma. "Anajitahidi, maskini."

Nusura nipasuke.

Siku hiyo ndiyo pekee niliyowahi kumwona wifi akilia. Alikuwa peke yake ofisini, muhuri uko mezani, barua tano hazijagongwa. Nilipita mlangoni nikamkuta kainamia kabati la chuma. "Nimefanya kila kitu sawa," akasema, "na wao wamemwimbia." Nikakaa kwenye benchi la wenye shida hadi akamaliza.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Ilibaki miwili.

Ndipo mama mkwe wa Mheshimiwa akaja kukaa kwake. Huyu mama alikuwa msimamizi wa mabweni ya wasichana kwa miaka ishirini na mitano, na sauti yake bado inazima taa. Ndoa ya binti yake hakuipenda tangu mwanzo na hajawahi kuficha. Nyonga zilikuwa zinamsumbua. Mke wa Mheshimiwa akapiga simu ofisini: wifi amtafutie mama yake miadi kwenye hospitali ile ya binafsi, yenye lifti na kapeti.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilisikia wifi anavuta pumzi. "Samahani sana, mama," akasema kwenye simu, "mtaalamu wao yuko likizo. Mzuri aliyepo ni wa hospitali yetu." Kisha akaweka simu chini, akaja dirishani, uso hauna damu.

"Wifi, nimedanganya."

"Umemdanganya nani?"

"Mke wa Mheshimiwa."

"Hongera!"

"Usinipongeze. Wakijua, kazi sina."

"Na nani atampeleka?"

"Kasema ampeleke mume wake. Kasema ni mama yake, si mgeni wa jimbo."

Siku ya miadi nilikwenda na sare ya muuguzi mmoja mkononi, nikijifanya nampelekea kujaribu. Wifi alikuwa na daftari la ratiba. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye ngazi kama kawaida, kila mtu kidato chake, magongo yameegeshwa ukutani. Gari likafika. Wapambe wakashuka na kimoja cha vile viti vyenye jina, wakakiweka mbele ya mama mkwe, wakakohoa tayari kwa wimbo.

Mama mkwe akakitazama. "Hiki cha nini?"

"Ni kiti, mama. Tunakubeba."

"Wanaume sita wanibebe? Kwani nimekufa?"

Wapambe wakaangalia viatu vyao. Mama mkwe akageuka. "Mkwe wangu si huyu hapa? Ana mikono miwili. Nishike, baba, twende polepole."

Wakaanza kupanda, na huyu mama ana utaratibu wake: anapanda kidato kimoja, anasimama, anapumua, na wakati anapumua anasema. Hanong'oni, kwa sababu mabwenini hawanong'oni.

Kidato cha kwanza: "Siku ya kwanza kuja kwangu ulichelewa saa tatu."

Mheshimiwa akacheka kidogo, akatuangalia sisi wote kama mtu anayesema wazee bwana.

Kidato cha pili: "Ukasema gari limeharibika. Gari lilikuwa la rafiki yako na halikuharibika."

Cha tano: "Unakoroma. Mwanangu halali, anazunguka ndani ya nyumba kama mlinzi."

Cha tisa: "Mtoto ana homa, wewe uko kwenye baiskeli."

Mtu wa magongo aliyekuwa karibu yao akajikaza, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. "Cheka, mwanangu, cheka," mama mkwe akamwambia. "Mimi nimelia vya kutosha." Cha kumi na tatu: "Uliniahidi choo kule kwangu. Nikasikia umekijenga sokoni." Pale wifi alifunika uso kwa daftari. Mimi ile sare niliiuma kabisa.

Walipofika pale ngazi inapokunja kona, kijasho kilikuwa kinamchuruzika Mheshimiwa shingoni na goti lake lile bovu limeanza kucheza. Mama mkwe akaketi kwenye kidato pamoja na wagonjwa, akapumzika. Akamuuliza mzee mmoja, "Na nyie mnapandaje hapa?"

"Kwa makalio, mama," yule mzee akasema. "Tunapanda kinyumenyume. Kushuka ni rahisi zaidi."

Mama mkwe hakucheka. Alimgeukia mkwewe. "Ulikuwa unalijua hili?"

"Linafanyiwa kazi, mama."

"Na nani?"

Wagonjwa wote wakamgeukia Mheshimiwa. Ndipo nikasikia sauti ya ofisini, nyembamba, iliyonyooka. Ilikuwa ya wifi. Amesimama miguu pamoja, daftari kifuani.

"Barua namba mia mbili na kumi na mbili, Mheshimiwa. Saini arobaini na moja. Imepokelewa mwaka jana, mwezi wa tano, tarehe kumi na tisa. Iko juu ya meza yako."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nilijua, naye alijua, kwamba kwa maneno yale ameiweka kazi yake rehani. Mheshimiwa alimtazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwenye ile picha ya ofisini. Lakini kabla hajafungua mdomo, mama mkwe aliuliza jambo jingine.

"Daktari kasema nije mara ngapi?"

Wifi akafunua daftari. "Mara mbili kwa wiki, mama. Kwa miezi mitatu."

Nikamwona Mheshimiwa anapiga hesabu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mara ishirini na nne, vidato thelathini na nane, na mama mkwe ndiyo kwanza amefika kwenye makosa ya mwaka wa pili wa ndoa.

"Basi tuendelee," mama mkwe akasema, akanyoosha mkono. "Nilikuwa nimefika kwenye ile sherehe ya mdogo wa mkeo."

Siku tatu baadaye sote tulikuwa tumeizunguka redio. Mheshimiwa alikuwa anapaza sauti bungeni hadi spika ya redio inakwaruza. Mheshimiwa Spika, nimezipanda ngazi zile kwa miguu yangu! Mheshimiwa Spika, wazazi wetu wanadhalilika! Wakampigia meza. Alhamisi bodi ya hospitali ikakaa, Ijumaa kufuli likavunjwa kwa sababu ufunguo haukuonekana, Jumamosi jenereta ikatolewa, na Jumatatu kliniki ya viungo ikafunguliwa chini, mkabala na mlango. Wifi hakufukuzwa. Ingekuwaje afukuzwe? Mama mkwe alikuwa ameshamwambia Mheshimiwa, mbele ya watu, kwamba mtu pekee mwenye akili katika ofisi yake ni yule msichana wa daftari.

Ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Tulimsukuma mama kwa kiti cha magurudumu, akaingia mlangoni bila kuinuliwa hata kidole. Alivitazama vyuma vya kushikilia, akamtazama mtaalamu, akasema, "Haya, nifundishe kazi niliyoifanya miaka thelathini." Siku ya kwanza alisimama tu, miguu inatetemeka. Wiki ya nne akatembea kutoka chuma hadi chuma. Nililia kwa sauti mpaka mtaalamu akaniomba nitoke nje, nikatoka, nikalilia nje. Wifi alikaa pale pale amekumbatia mkoba, anahesabu hatua kwa midomo.

Kufika mwezi wa tano mama alikuwa anatembea kwa fimbo. Ukimtafuta saa nne asubuhi unaambiwa kapita hapa, kapita pale. Na mwezi huo ndio ulikuwa wa uchaguzi.

Tulimwambia tutamtafutia usafiri hadi kituo cha kupigia kura. Alituangalia kama wendawazimu. Akavaa viatu vyake vya posta, akaenda kwa miguu, mimi na wifi nyuma yake, mwendo wa dakika arobaini na tano. Foleni ilikuwa ndefu wakamwambia apite mbele, akakataa, akasema amekaa vya kutosha. Alipotoka, kidole kina wino, uso wake ulikuwa unang'aa.

"Nimempa yule yule," akasema.

"Mama!"

"Ndiyo. Unanikodolea nini? Serikali nzima, nani mwingine aliyeijali miguu yangu? Mtu mkubwa vile, kapanda ngazi mwenyewe, kaona tunavyoteseka, kaenda kutusemea. Nimeyasikia kwa masikio yangu redioni. Nisipompa huyo nitampa nani?"

Nilifungua mdomo. Yote yalikuwa yamejaa pale kwenye ulimi, barua, soda, nyuki, simu ya uongo, mikono ya baridi ya wifi. Wifi akanikanyaga mguu, tena si kidogo.

Mama alitangulia na fimbo yake. Nikamwambia wifi kwa hasira ya chini kwa chini, "Wewe ndiye uliyempa ile miguu. Wewe. Na amekwenda nayo kumchagua yule. Kwa nini usimwambie?"

"Unamjua mama yako," akasema wifi. "Nikimwambia kwamba miguu ile imepatikana kwa ujanja na uongo, atarudi kukaa kwenye kile kiti cha jikoni. Acha atembee."

Nilipiga jiwe teke.

"Na wewe umempa nani?"

"Kura ni siri, wifi."

"Muhuri, mimi ni wifi yako!"

Alifungua mkoba, akatoa daftari la ratiba, akafunua akiwa anatembea. "Mama mkwe wake ameanza kulalamika macho," akasema.

Nilisimama. "Na sisi shida ya macho tunayo?"

"Barua namba mia tatu na sita."

Kule mbele mama alikuwa ameshafika kwenye kona. Akageuka, akatupigia kelele hadi watu wa foleni wakacheka.

"Nyie wawili! Hiyo miguu mmepewa ya nini? Tembeeni!"